Baada ya upasuaji wa kifua, mgonjwa aulizwe kama ameweza kukohoa

Upasuaji wa kifua unaweza kumalizika salama saa sita mchana, na hatari kubwa zaidi ikaanza jioni ya siku hiyohiyo. Uvimbe umetolewa, damu iliyopotea ni kidogo, jeraha ni dogo, ndugu wameambiwa wamshukuru Mungu. Mgonjwa anazinduka kutoka nusu kaputi, anavuta pumzi ya kwanza ndefu, na ubavu unamchoma. Pumzi ya pili anaivuta nusu. Ya tatu anaivuta juujuu. Makohozi yanapomkereketa anayaacha yalale palepale, kwa sababu kila akijaribu kukohoa anahisi kifua kinapasuka. Siku mbili tatu baadaye ana homa, na picha ya eksirei inaonyesha kivuli chini ya pafu.

Mfuatano huo unajulikana hatua kwa hatua, na hatua yake ya kwanza, yaani maumivu, inaweza kuzuiwa. Ndiyo maana madaktari wa usingizi duniani wamekuwa wakitafuta sindano bora ya kutia ganzi mishipa ya fahamu ya mbavu, na mjadala wao umekuwa mkali zaidi tangu upasuaji wa kifua uanze kufanywa kwa matundu madogo. Hoja ya makala haya ni kwamba maumivu baada ya upasuaji wa kifua ni suala la uhai wa mapafu, wala hayapaswi kuachiwa huruma ya nani yuko zamu. Kipimo chake cha kweli ni kikohozi.

Tundu dogo, mshipa uleule

Kwa njia ya zamani, daktari hukata kuanzia chini ya bega kuzunguka ubavu, kisha hutanua mbavu kwa chuma maalumu ili mikono iingie. Mbavu hukaa zimetanuliwa muda wote wa upasuaji, mara nyingine kwa saa kadhaa. Kwa njia ya matundu madogo hapatanuliwi kitu. Kamera nyembamba na vifaa virefu hupitishwa katikati ya mbavu kupitia tundu moja hadi manne yenye upana wa sentimita chache, na daktari hufanya kazi akitazama skrini.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1910, daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Sweden, alieleza jinsi alivyoingiza kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo ndani ya kifua cha mtu. Baadaye alikitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu: alichoma nyuzi zilizogandisha pafu kwenye ukuta wa kifua, ili pafu lishushwe na kupumzishwa, kwani wakati huo hapakuwa na dawa ya ugonjwa huo. Wagonjwa wake walitiwa ganzi tu, wakabaki macho. Streptomaisini ilipogunduliwa Marekani mwaka 1943, na dawa nyingine zikafuata, njia hiyo ilipungua matumizi. Ilirudi kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kamera za video kuwa ndogo na zenye picha safi. Mwaka 2010 daktari Diego González Rivas wa A Coruña, Hispania, alianza kutoa sehemu nzima ya pafu kupitia tundu moja.

Hata hivyo, mwili haujabadilika. Kila ubavu, katika jozi zote 12, una mshipa wa fahamu unaopita chini ya ukingo wake pamoja na mishipa ya damu. Kifaa kinachopita katikati ya mbavu hukandamiza mshipa huo, hata kiwe chembamba namna gani. Upasuaji ukiisha huachwa mrija wa kutoa hewa na majimaji, nao unaweza kukaa siku moja au zaidi ukisugua utando wa kifua kwa kila pumzi. Wagonjwa wengi husema mrija uliwatesa kuliko kidonda chenyewe.

Jaribio lililofanywa Odense, Denmark, na kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha pande zote mbili za jambo hili. Wagonjwa 206 wenye saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo waligawanywa kwa kura: nusu wafunguliwe kifua, nusu wafanyiwe kwa matundu madogo. Katika saa 24 za kwanza, asilimia 63 ya waliofunguliwa kifua waliumia kwa kiwango cha 3 au zaidi katika mizani ya 0 hadi 10. Kwa waliotobolewa matundu, idadi ilikuwa asilimia 38. Nafuu ni kubwa na ya kweli. Lakini zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu bado aliumia kiasi cha kuhesabika, ingawa wote walikuwa wamewekewa ganzi ya mgongoni. Anayemwambia mgonjwa kwamba "ni vitundu tu" hajamwambia ukweli wote.

Pafu linavyosinyaa

Pafu limejaa vifuko vya hewa vinavyohesabika kwa mamia ya mamilioni. Vifuko hivyo hubaki wazi kwa sababu kila baada ya muda mtu huvuta pumzi ndefu bila hata kujua. Pumzi ndefu zikikosekana kwa saa nyingi, vifuko vya chini hulala na kuta zake hugusana, kama puto lililolowa ndani likakandamizwa: kulifungua upya kunahitaji nguvu kubwa kuliko kulizuia lisifunge.

Wakati wa upasuaji wa matundu madogo, hali hiyo husababishwa kwa makusudi upande mmoja. Daktari wa usingizi hulishusha pafu linalopasuliwa ili daktari mpasuaji apate nafasi, na pafu la pili hupumua peke yake. Kwa hiyo mgonjwa anapozinduka, pafu moja ndiyo kwanza limejazwa upya na la pili limetoka kazini. Juu ya hapo kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, kinakuwa kimelegea.

Hapo ndipo kikohozi kinapohitajika. Kukohoa vizuri kuna hatua tatu: kuvuta pumzi ndefu, kufunga koo huku misuli ya tumbo na mbavu ikikaza, kisha kuiachia hewa kwa kishindo. Maumivu humkata mtu kwenye hatua ya kwanza. Makohozi hubaki, njia za hewa huziba, sehemu ya pafu husinyaa, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Hiyo ndiyo nimonia ya baada ya upasuaji, na kwa mzee, mvutaji sigara au mtu ambaye mapafu yake yaliharibiwa na kifua kikuu zamani, inaweza kumfikisha kwenye mashine ya kupumulia.

Njia rahisi ya kuondoa maumivu makali ni morfini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Zina kazi yake na heshima yake, lakini zikizidi hupunguza kasi ya kupumua, hutuliza kikohozi, huleta usingizi na kichefuchefu. Mgonjwa aliyeacha kulalamika kwa sababu amelewa morfini amelala vizuri, ila pafu lake halijafunguka. Daktari anabanwa pande mbili: akitoa dawa kidogo mgonjwa hakohoi kwa maumivu, akitoa nyingi hakohoi kwa usingizi. Ganzi ya mishipa ya mbavu ilibuniwa kumtoa kwenye mbano huo, maana inazima maumivu pale yanapoanzia na kuacha akili na pumzi huru.

Sindano zenyewe

Zipo njia kadhaa, na tofauti yake kubwa ni umbali kutoka uti wa mgongo. Ya ndani kabisa ni ganzi inayowekwa kwa mrija mwembamba nje ya utando unaofunika uti wa mgongo. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoongoza kwa upasuaji wa kufungua kifua. Inafanya kazi vizuri, lakini mara nyingi hushusha presha, huzuia mkojo, na haifai kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatua moja kutoka hapo ni sindano ya kando ya uti wa mgongo, mahali ambapo mishipa ya fahamu inatoka kuelekea kwenye mbavu. Ilielezwa mwaka 1905 na daktari Hugo Sellheim wa Ujerumani, ikasahaulika kwa miongo, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hutia ganzi upande mmoja tu, kwa hiyo presha haiyumbi sana. Ya tatu ni kuchoma chini ya kila ubavu unaohusika, mmoja mmoja.

Mashine ya altrasaundi ilipofika vyumba vya upasuaji, sindano mpya zilizaliwa. Mwaka 2013 daktari Rafael Blanco na wenzake walieleza ile inayowekwa ubavuni, kwenye msuli unaofunika mbavu chini ya kwapa. Mwaka 2016 daktari Mauricio Forero na wenzake wa Hamilton, Canada, walieleza nyingine inayowekwa mgongoni, chini ya msuli mrefu unaosimamisha mgongo. Hapo sindano hulenga mfupa unaoonekana wazi kwenye skrini, mbali na pafu na mbali na uti wa mgongo, na dawa hujitandaza juu na chini. Wepesi huo ndio ulioifanya ienee dunia nzima kwa miaka michache.

Dawa ni zilezile katika njia zote: bupivakaini, ropivakaini na ndugu zao, ambazo huzuia mshipa wa fahamu usipeleke taarifa ya maumivu kwenye ubongo. Sindano moja hudumu saa kadhaa, pengine nusu siku. Ikiwekwa na mrija mwembamba, dawa inaweza kuendelea kwa siku mbili tatu. Mwaka 2022, jopo la wataalamu wa Ulaya liitwalo PROSPECT lilipendekeza kwa upasuaji wa matundu madogo ama sindano ya kando ya uti wa mgongo, ama ile ya Forero, na ile ya ubavuni kama chaguo la pili. Zote ziende pamoja na parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe, morfini ibaki akiba.

Ushahidi unafika wapi

Msomaji anastahili kuelezwa ushahidi ulivyo, bila chumvi. Kuhusu maumivu, majaribio mengi yanakubaliana: ganzi ya mishipa ya mbavu hupunguza maumivu ya siku ya kwanza na kiasi cha morfini kinachohitajika. Kuhusu mapafu, picha si safi kiasi hicho.

Uchambuzi wa Davies na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 2006, ulionyesha kwamba sindano ya kando ya uti wa mgongo ilituliza maumivu sawa na ile ya ndani, na matatizo ya mapafu yakawa machache. Miaka 10 baadaye, mapitio ya taasisi ya Cochrane yaliyokusanya tafiti 14 na wagonjwa 698 hayakuona tofauti ya vifo wala ya madhara makubwa kati ya njia hizo mbili. Yaliona tu kwamba presha kushuka, kichefuchefu, muwasho na mkojo kuziba vilikuwa vichache kwa sindano ya kando. Uchambuzi wote huo ulihusu vifua vilivyofunguliwa.

Kwa matundu madogo, kuthibitisha ni kugumu zaidi kwa sababu upasuaji wenyewe umekwisha kupunguza madhara. Jaribio la VIOLET la Uingereza, lenye wagonjwa 503, lilionyesha mwaka 2022 kwamba asilimia 32.8 ya waliofanyiwa kwa matundu madogo walipata tatizo fulani wakiwa hospitalini, dhidi ya asilimia 44.3 ya waliofunguliwa kifua. Nimonia ikiwa imepungua tayari, inahitajika idadi kubwa sana ya wagonjwa ili kuonyesha kwamba sindano imeipunguza zaidi. Na majaribio mengi ya sindano yameundwa kupima maumivu na miligramu za morfini. Mapafu hutazamwa kando, tena kila mtafiti akiwa na maana yake ya tatizo la mapafu.

Kwangu mimi, ushahidi huu unaonyesha kazi ya sindano ilipo. Ganzi haifungui pafu, bali inampa mgonjwa nafasi ya saa chache ambamo anaweza kulifungua mwenyewe. Nafasi hiyo ikitumika, kuna faida. Ikipita mgonjwa akiwa amelala chali, sindano bora kuliko zote itakuwa imepunguza maumivu na kuliacha pafu lilivyokuwa.

Usiku wa kwanza wodini

Kwa hiyo mambo huamuliwa wodini, na usiku wa kwanza ndio mgumu. Sindano iliyochomwa asubuhi inaweza kuisha nguvu kuelekea usiku wa manane, wakati wauguzi ni wachache na daktari yuko mbali. Kama dawa za kumeza au za mshipani hazikuanza mapema, maumivu hurudi yote kwa mkupuo. Mpango mzuri huandikwa kabla ya upasuaji na hutaja saa: ganzi itaisha lini, na nini kitakuwa kimeshaanza kufanya kazi kabla ya saa hiyo.

Muuguzi akipita na kumuuliza mgonjwa aliyetulia kitandani kama anaumwa, jibu mara nyingi litakuwa "afadhali". Mtu asiyejitikisa anaweza kweli asiumwe sana. Lakini akiambiwa aketi, avute pumzi ndefu na akohoe, ukweli hujitokeza papo hapo. Alama ya maumivu iliyoandikwa bila kikohozi haielezi chochote kuhusu pafu, na wodi ya upasuaji wa kifua inapaswa kuandika zote mbili.

Yapo pia maumivu ambayo sindano ya mbavu haiyagusi. Wagonjwa wengi huumwa bega la upande uliopasuliwa, wakadhani walilazwa vibaya mezani. Mara nyingi maumivu hayo husafirishwa na mshipa wa kiwambo, unaotokea shingoni, na hutulizwa kwa dawa nyingine. Mgonjwa akielezwa mapema hataogopa wala kuacha kupumua kwa ajili yake.

Ganzi nayo ina hatari zake. Dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi, mtu huhisi ulimi kufa ganzi, masikio kuvuma au ladha ya chuma mdomoni, kisha anaweza kupata degedege na moyo kuyumba. Tiba yake ni dripu maalumu ya mafuta ya asilimia 20, na chumba kinachochoma sindano hizi kinapaswa kuwa nayo karibu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, kwa sababu sindano zilizo karibu na uti wa mgongo zinaweza kumletea madhara makubwa.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika: wagonjwa 11,422 katika nchi 25. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, takribani mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na wenye afya nzuri. Karibu vifo 94 katika kila 100 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Watu wetu wanatoka salama mezani, kisha wanapotelea wodini.

Upasuaji wa kifua kwa kamera bado ni wa hospitali chache katika ukanda huu, na vifua vingi bado vinafunguliwa kwa njia ya zamani, mara nyingi kwa sababu ya makovu, usaha na fangasi vilivyoachwa na kifua kikuu. Hao ndio wagonjwa wenye akiba ndogo zaidi ya mapafu, kwa hiyo wanaohitaji zaidi ulinzi wa pumzi zao. Wapo pia wale ambao hawakupasuliwa kabisa. Abiria wa bodaboda aliyevunjika mbavu nne anaumia kwenye mishipa ileile, anaogopa kukohoa vilevile, na anaweza kupata nimonia ileile. Sindano zilezile zinamsaidia. Hospitali itakayofundisha watu wake ganzi ya mbavu itawahudumia majeruhi wa barabarani wengi kuliko hata wagonjwa wa saratani.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Bupivakaini na lidokaini zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na chupa moja ni rahisi mno ikilinganishwa na siku moja kwenye mashine ya kupumulia. Pasipo na altrasaundi, daktari mpasuaji mwenyewe anaweza kuchoma mishipa ya mbavu kutoka ndani kabla ya kufunga, akiona kwa kamera au kwa macho yake pale sindano inapofika. Kinachopungua ni mikono iliyofundishwa. Madaktari bingwa wa usingizi ni wachache, na kazi kubwa ya usingizi katika hospitali za wilaya hufanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hiyo. Wao ndio wa kufundishwa kwanza.

Mfano wa kwamba inawezekana upo jirani. Uganda, ambako shirika la Hospice Africa Uganda lilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilibadilisha sheria zake mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika morfini kwa wagonjwa wa tiba shufaa. Nchi isiyo tajiri iliamua kwamba maumivu ya raia wake hayatasubiri daktari ambaye hayupo. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kufanywa pia kuhusu ganzi.

Yanayomhusu mgonjwa na ndugu zake

Ukiambiwa utapasuliwa kifua, uliza mambo matatu kabla ya kutia saini: nitachomwa ganzi gani, itaisha saa ngapi, na baada ya hapo nitapewa nini? Kama unavuta sigara, acha sasa. Wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji husaidia. Omba ufundishwe mapema kupumua kwa kina na kukohoa huku umekumbatia mto kifuani. Baada ya upasuaji, keti siku hiyohiyo ukiruhusiwa, tembea kesho yake hata kama mrija umekufuata, na kila saa ukiwa macho vuta pumzi ndefu kadhaa kisha ukohoe.

Ukishindwa kukohoa kwa maumivu, sema. Tumelelewa kuvumilia, na uvumilivu una mahali pake, lakini wahenga walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu wanaokuja na uji wanaweza kufanya kazi kubwa kuliko kuuacha uji: wamwinue, wamhimize apumue, na wamwite muuguzi mgonjwa anapoanza kupumua juujuu au kuwa na homa.

Wakuu wa hospitali nao wana la kufanya mwaka huu huu, bila kusubiri jengo jipya wala mfadhili. Waweke mpango wa maumivu kwenye faili la kila mgonjwa wa kifua, waandike nani anawajibika usiku wa kwanza, na wahesabu ni wangapi walipata nimonia baada ya kupasuliwa. Hospitali isiyohesabu nimonia zake haiwezi kujua kama sindano, mazoezi na wauguzi wake vinaokoa mapafu. Ikihesabu kwa mwaka mmoja tu, itajua wapi pa kuanzia.